Mwili Usiotulia

Mama Vioo alikunywa chai yake amesimama. Chakula cha mchana alikila akiizunguka meza ya kukatia, sahani mkono huu, kijiko mkono ule, kama mtu anayesubiri kuitwa. Mteja mgeni ndiye pekee aliyemsogezea kiti, waliomzoea walishaacha. Akikaa, miguu inaanza kuwaka kwa ndani, chini ya ngozi, mahali ambapo kucha haifiki. Akisimama, inapungua. Akitembea, inapungua zaidi. Basi akatembea, toka mlangoni hadi kwenye rafu za vioo, toka rafuni hadi mlangoni, sakafu ikang'aa kwa nyayo zake.

Duka lilikuwa la mumewe. Alipofariki, mdogo wa marehemu, ambaye yeye alimwita Shemeji na mtaa mzima ukadakia, alibaki na kazi ya fremu na madirisha. Mama Vioo alichukua meza ya kukatia, maana mumewe alikuwa amemfundisha na mkono wake ulikuwa mwepesi. Mkono ulikubali. Usingizi ndio uliokataa. Daktari akamwandikia vidonge vya kutuliza, vya wiki chache tu, na wiki chache zikawa miaka. Hakuna aliyemzuia. Muuza dawa alimwona akivuka barabara akamwekea pakiti juu ya kaunta kabla hajafika. Mama Vioo hakuwa na sura ya mtu aliyenaswa. Alikuwa mjane anayelala vizuri.

Kisha vidonge vikaanza kumwibia. Vipimo alivyoambiwa mlangoni vilimtoka kabla hajaifikia meza. Daktari mwingine, mwanamke wa sauti ya chini, akamwonya asiviache ghafla hata kidogo, kwani kuviacha ghafla ni hatari. Wakavipunguza pamoja, polepole, mpaka vipande vikawa kama chenga za chumvi, mpaka hakikubaki kipande.

Alidhani hapo ndipo mwisho. Ndugu nao walidhani hivyo, wakampongeza, wakarudi kwenye shughuli zao. Mvua zikaja zikaondoka, zikaja tena, na mwili bado ulikuwa haujapata habari. Masikio yalimlia kutwa, mlio mwembamba kama wa jiko la gesi lililosahauliwa. Moyo ulimruka kwa mlango kufungwa. Siku nzuri zilikuja bila hodi, zikakaa hadi akaanza kuziamini, kisha zikaondoka bila kuaga. Daktari alimweleza kuwa ubongo uliozoea kutulizwa unajifunza upya kutulia wenyewe, kwamba kwa baadhi ya watu huchukua miezi, kwa wengine zaidi, na kwamba mawimbi hayo si dalili ya kushindwa. Tarehe hakumpa. Mama Vioo angemsamehe yote isipokuwa hilo.

Sasa, kioo hukatwa kwa mstari mmoja. Unachovya kigurudumu cha kikatio kwenye mafuta ya taa, unakikaza kwenye rula, unakivuta toka mwanzo hadi mwisho bila kusita, kikitoa sauti ya kitambaa kinachochanwa. Baada ya hapo huurudii. Ukiurudia, ufa unachagua njia yake. Anayeanza kazi huambiwa hivyo siku ya kwanza. Na Mama Vioo, ambaye hakuwa ameurudia mstari tangu ujana wake, alianza kuurudia. Mkono ulitetemeka, akatilia shaka pale ulipotetemekea, akarudi kupahakikisha, na kioo kikapasuka upande.

Shemeji aliviokota vipande, akavikata vidogo vya fremu za picha, akavipanga dirishani. Dirisha likajaa.

"Tukiendelea hivi," alimwambia asubuhi moja, "mtaa mzima utalazimika kupiga picha."

Alicheka, Mama Vioo naye akacheka, na kwa muda ule wa kucheka miguu ikamwacha.

Ndipo msusi wa kona alipoleta kioo chake kikubwa. Alikuwa anahamia chumba chembamba zaidi na kioo kilipaswa kupunguzwa upande mmoja. Kilikuwa cha mama yake, aliyesuka mbele ya kioo hicho hadi vidole vilipokataa. Kioo cha zamani ni kikavu, hakina msamaha. Msusi alisema anamwamini Mama Vioo peke yake, akaahidi kurudi kesho yake kukichukua, akaenda.

Asubuhi iliyofuata wimbi lilikuwa limepanda. Mama Vioo alifika dukani ngozi ikimchoma kama aliyeoga pilipili. Dada yake mkubwa alimkuta akizunguka kile kioo bila kukigusa. Alimvumilia mizunguko michache, akashindwa, akafungua mkoba, akatoa vidonge vya kutuliza vilivyobaki vya mama mkwe wake.

"Nusu tu, mdogo wangu. Kwa leo. Umalize kazi ya watu."

Hakuwa na ubaya wowote; alikuwa amechoka kumtazama akiungua. Mama Vioo alivipokea. Kidole gumba hakikuhitaji kufundishwa: kilibonyeza, karatasi ikapasuka, kidonge kikadondoka kiganjani.

Na mkono ukatulia.

Hajameza. Hajakipeleka hata mdomoni. Mkono ulioshindwa kushika kikombe tangu alfajiri ulikuwa umelala tuli kama wa mtoto anayenyonya, na hilo ndilo lililomtisha kuliko mitetemo yote. Alikitazama. Aliutazama mkono. Akaelewa mkono ulikuwa unakisubiri kidonge.

"Chukua, dada."

"Nimesema kwa leo tu."

"Hiki hakijui leo tu. Mimi ndiye niliyeishi nacho."

Dada akakichukua kwa ncha za vidole. Mkono ukaanza upya, vibaya zaidi. Msusi aliingia wakati huohuo, akaona kioo hakijakatwa, akaona uso wa Mama Vioo. Kwa muda mrefu wateja walikuwa wameambiwa ni malaria, ni presha, ni uchovu. Mama Vioo alimwambia alikuwa akitumia vidonge vya usingizi miaka mingi, ameviacha, mwili bado unadai, na leo hawezi kukata.

Msusi alishusha pumzi. "Mimi nilijua unakunywa pombe."

"Ningekuwa nakunywa, angalau ningelala."

Wakacheka wote, hata dada, ingawa dada alikuwa akifuta macho. Mama Vioo akamkabidhi Shemeji kikatio.

Shemeji alirudi nyuma. Kioo cha zamani hakuwahi kukikata, alisema, yeye ni mtu wa mbao. Mama Vioo akamjibu kwamba mbao inasamehe ndiyo maana amezeeka vibaya, achovye mafuta, ashike. Dada na msusi wakaikaza rula kila mmoja upande wake. Mama Vioo mwenyewe akasimama nyuma, mikono kwapani, akihamisha uzito mguu hadi mguu.

"Ukifika katikati utataka kurudi," alimwambia. "Mimi hurudi. Usirudi."

Shemeji akavuta. Sauti ikapita kwenye meno ya Mama Vioo kama sindano, akafumba macho, akauhesabu urefu wake mpaka ikakoma. Ilikuwa moja, haikukatika. Alifumbua macho na kuona kikatio bado kimening'inia hewani mkononi mwa Shemeji, kinaomba ruhusa ya kurudia. Akatikisa kichwa kukataa. Wakakisogeza kioo hadi ukingoni mwa meza, wakakibonyeza kwa pamoja. Kikaachia kwa mlio mfupi, safi.

Msusi alipitisha kidole pembeni mwa ule ukingo mpya bila kuugusa. Shemeji akakaa chini, jasho linamtiririka, akadai soda. Watu walitaka kusherehekea kidogo, na Mama Vioo angependa, lakini kifua kilikuwa kimebana na kuta zilikuwa karibu mno. Alikwishafika barabarani.

Dada alitoka nyuma yake, mkoba kwapani, akilalamika kuhusu magoti.

"Unakwenda wapi sasa?"

"Sijui. Mpaka wimbi lipungue."

"Na lisipopungua?"

"Tutarudi kwa njia nyingine."

Dada akavua viatu vyake vya kisigino, akavishika mkononi, akamfuata.