Viatu vya Murdo

Kwa miaka thelathini Murdo Haggitt, mwongoza wavuvi, aliwafokea watu. Huvui samaki wa trauti mtoni kwake kabla hujaviosha viatu kwa sabuni na kuvikausha. "Hivi ndivyo vikavu? Rudi garini, bwana!" Mto wa ng'ambo ya kilima ulikuwa umeoza kwa mwani wa kahawia unaoteleza, na tone moja tu kiatuni lingetosha kuuleta mwani huo huku.

Mwezi wa Januari Murdo alikwenda ng'ambo kumnasua kondoo wa jirani katika mto ule. Akachelewa, akakimbia kumwahi mgeni wake wa kuvua, akaingia mtoni kwake na viatu vilevile, vikichuruzika.

Sasa kila jiwe limevaa utelezi wa kahawia, wala dawa hakuna. Leo mgeni yule karudi.

"Nimevikausha siku tatu, mzee. Leo hunifokei!"

Murdo alikuwa kapiga magoti majini, akisugua jiwe moja kwa brashi ya viatu.