Maua ya Gundi ya Mchele

Wivu unaojificha ndani ya msiba ni mbaya kuliko wivu mwingine, kwa kuwa hakuna anayethubutu kuukemea. Niliuona Gudele, mtaa wa Juba, nyumbani kwa mdogo wangu, baada ya yeye kufiwa na mumewe.

Sisi wawili tulikuwa tukijifunza, katika ukumbi wa kanisa huko Buluk, ufundi wa Kijapani wa kutia nguo nakshi. Mwalimu wetu, mama wa Kijapani, alitufundisha kulaza juu ya kitambaa karatasi ngumu iliyotobolewa maua, kuipaka gundi ya unga wa mchele na pumba, kisha kuiinua taratibu. Gundi ikikauka, rangi hupakwa kwa brashi; palipo na gundi hubaki peupe. Mdogo wangu aliazimia kutengeneza kitambaa cha meza kwa ajili ya karama, yaani sala na chakula cha kumkumbuka marehemu.

Mke mdogo wa marehemu, aishiye mtaa wa New Site, aliomba kushiriki kukitengeneza. Akakataliwa. Nilimwambia mdogo wangu kwamba marehemu si kiwanja cha kuwekewa mipaka.

"Dada, yeye alipata miaka ya mwisho ya marehemu," akajibu. "Hiki aniachie."

Kiangazi cha Juba hakina huruma na gundi ile. Tulitandaza kitambaa uani juu ya ubao mrefu. Yeye akipaka, mimi nikihamisha karatasi. Upepo mkavu ukavuma, na maua tuliyokwisha kuyaweka yakaanza kupasuka. Rangi ingepenya katika kila ufa. Kitambaa kingine hatukuwa nacho, na karama ilikuwa wiki ile ile.

Ndipo mke mdogo alipoingia, amebeba sukari ya karama. Akatazama, akauliza kama tunatia nakshi au tunaoka mkate. Hatukucheka. Akaifungua lawa, shuka aliyojifunga begani juu ya gauni, akailoweka katika beseni, akaikamua, akanipa ncha mbili. Tukaitandaza hewani kama paa juu ya maua.

"Usikiguse," mdogo wangu akasema.

"Sikigusi. Paka."

Akapaka. Tukamfuata na kile kivuli chenye unyevu hadi mwisho wa ubao, mke mdogo asishushe mikono hata mara moja.

Siku ya karama, mzee wa ukoo alipapasa yale maua meupe, akauliza ni kazi ya nani. Mdogo wangu alinyoosha ukingo wa kitambaa.

"Yangu," akasema, "na ya mke mwenzangu."