Kamba Ndefu ya Tata Mukadi

Kuna siku moja inanirudia kila nikishika kamba, mwanangu. Nchi ilikuwa bado Zaire, nami nilikuwa kijana wa mtaa wa Mutoshi, mwenye ndoto nyingi na mikono minene. Nilidhani nguvu inamaliza kila kazi.

Tulikuwa tunamchimbia kisima Tata Mukadi, mzee aliyetoka Kasai. Yeye mwenyewe alikuwa chini. Mimi na rafiki yangu Kasongo tulikuwa juu, tukimshushia pete nzito ya saruji ya kuzuia udongo. Kamba ilipita kwenye puli moja, gurudumu dogo lililofungwa kwenye boriti. Ikatuteleza. Pete ikamwangukia mguuni, na maji ya kisima yalikuwa yanapanda.

Tukavuta mpaka viganja vikachubuka. Pete haikutikisika.

“Bana, munalala?” Tata akaita kutoka chini. “Mayi inafika mu magoti! Munipe puli ya pili!”

Tukaishusha. Akaifunga kwenye pete, akaifungua kamba na kuipitisha ndani ya puli hiyo, na ncha tukaipandisha kwa kamba ya ndoo, tukaifunga kwenye boriti. Sasa mzigo ulining'inia kwenye kamba mbili, na sisi tulivuta nusu yake tu.

Ikaja nyepesi! Lakini kamba ilijaa miguuni petu, na pete ilikuwa imepanda kidogo sana. Nikaona tunapoteza wakati. Nikaachia nikatafute njia nyingine. Kasongo peke yake hakuiweza. Pete ikarudi chini. Kile kilio, mwanangu, bado nakisikia.

“We mutoto, unaachia bwana yangu?” Mama Ngalula, mke wa Tata, alikuwa amekuja mbio, akaishika kamba nyuma yangu.

Sauti ya Tata ikatoka kisimani, nyembamba: “Kamba inakuya mingi sababu muzigo inakuwa mwepesi! Mukokote mara mbili, inapanda mara moja. Mi sirudie Kasai na muguu moja!”

Tukavuta, watatu. Maji yalikuwa kifuani mwake alipouchomoa mguu.

Alichechemea mpaka mwisho wa maisha yake. Watu wakimuuliza, alijibu: “Kamba iliteleza.” Jina langu hakulitaja hata mara moja.

Basi nakuomba: kazi ikiwa nyepesi lakini inakwenda polepole, usiidharau. Urefu ule wa kamba ndio bei ya wepesi. Na kabla ya kuachia, uliza nani yuko chini.

Mungu akulinde, mwanangu, na kila anayekutegemea akukute bado umeshika.