Masasi Kutoka Juu ya Bati

Sogeeni niwaeleze habari za Cyprian, fundi madishi wa kule Goba, maana ndiye mtu pekee ninayemfahamu aliyewahi kufurahi umeme ukikatika.

Amepanga chumba kwenye nyumba yenye ua mmoja na mita moja ya umeme. Juu ya bati alisimamisha bomba la plastiki, na kwenye ncha yake akafunga fimbo mbili za alumini alizozing'oa kwenye antena kuukuu ya televisheni. Waya unashuka dirishani hadi kwenye kidude kilichochomekwa kwenye laptop. Basi, kituo chake ndicho hicho. Satelaiti ya hali ya hewa ikipita juu ya Dar inateremsha picha ya nchi na mawingu yake, na mwenye antena anaidaka.

Ila picha zake zilikuja na michirizi, kama kanga iliyochuja. Akakata fimbo upya, akabadilisha waya, wapi. Siku moja umeme ukakatika satelaiti ikiwa angani, na michirizi ikakoma palepale. Wenzake wanaguna, yeye anacheka peke yake chumbani. Kumbe chaja, taa za bei poa na friza za ua mzima ndizo zilizokuwa zikiipigia kelele antena yake.

Wakati huo mama yake, Bibi Eufrazia, alikuwa amekuja kutoka Masasi kutolewa mtoto wa jicho. Bandeji zilishatoka, anaona hadi sisimizi ukutani, na kesho yake alikuwa anarudi kwao. Cyprian alitaka jambo moja tu: kabla mama hajapanda basi, aione Masasi kutoka juu, kwa macho yake mapya. Kabla ya safari ilibaki asubuhi ile moja tu ya satelaiti kupita.

Akapita mlango kwa mlango kuomba swichi kuu izimwe kidogo. Akaanza na Naima, anayeuza barafu za ukwaju.

"Kaka Cyprian, barafu zangu zikiyeyuka utazilamba wewe."

"Nitazilamba, dada."

Wilbert, fundi nguo, hakuinua hata kichwa kwenye cherehani yake ya umeme. "Mie nina sare za kwaya hapa. Ni kwa ajili ya Bibi?"

"Ni kwa ajili yake."

"Zima. Ingekuwa kwa ajili yako wewe, ningekata na huo waya wako."

Naima akaiviringishia friza yake blanketi, kisha mwenyewe akashusha swichi. Redio ikakata wimbo katikati. Watu wakajazana dirishani kwa Cyprian, na picha ikaanza kushuka mstari kwa mstari, safi: Unguja, Mafia, mdomo wa Rufiji. Halafu kusini kote kukawa kweupe. Cyprian akashika kichwa.

"Mama, nisamehe. Masasi imefunikwa."

Bibi akasogeza uso kwenye kioo cha laptop. "Hili jeupe lote ni wingu?"

"Ni wingu, mama."

"Na limekaa kwetu?"

"Kwenu kabisa."

Bibi akacheka taratibu. Tangu aje mjini, kila simu kutoka nyumbani ilikuwa ileile: ardhi imekauka, mahindi hayajapandwa. "Sasa unaniomba msamaha wa nini, mwanangu? Mie nilikuwa nalitafuta hilohilo."

"Bibi, tuwashe?" Naima akauliza.

"Ngojeni kidogo, wajukuu zangu, niliangalie."

Wakangoja, hata Wilbert, sindano ikiwa mdomoni.

Bibi alipanda mahindi yake wiki ileile aliyofika. Baadaye basi likaleta korosho, zimefungwa mafungu mafungu: la Naima kubwa kuliko yote, la Wilbert, na la kila mlango wa ua ule. Cyprian akatafuta lake, hakuliona. Akapiga simu.

"Wenzio walizima vitu vyao," mama yake akamwambia. "Wewe ulizima nini? Waombe wakuonjeshe."

Wakamwonjesha.