Diski Mpya za Mama Breki

Watu wa mtaa walimwita Mama Breki, na jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Maisha yake yote ya kazi alifundisha udereva. Nusu ya madereva wa mji, wa malori hata wa gari la wagonjwa, walipitia mikononi mwake, na kila mmoja bado aliisikia sikioni sauti ile: "Breki! Breki, mwanangu, utatuua!"

Gari lake lilikuwa dogo, jeupe, lenye pedeli mbili za breki: ya mwanafunzi, na nyingine miguuni pa mwalimu. Ya pili ilitengenezwa na mumewe kwa mikono yake, enzi hizo akiwa fundi katika gereji ya nyuma ya stendi. Ndivyo walivyojuana. "Nilikwenda kutengenezesha breki," alizoea kusema, "nikarudi sina breki kabisa. Mwezi uliofuata nikaolewa."

Mumewe alipofariki, gari lilifunikwa turubai uani, kando ya tangi la maji. Mama Breki akastaafu. Kila asubuhi alifagia ua mzima, ila akifika hapo hupita kwa mbali, taratibu, kama anayepita karibu na mtu aliyelala.

Likakaa hivyo miaka, mpaka binti yake wa pili, nesi, alipopangiwa kazi kwenye zahanati ambako basi halifiki. Katika watoto wote, huyo peke yake hakujua kuendesha. Alijaribu siku moja tu alipokuwa msichana. Alishuka katikati ya barabara analia, akarudi nyumbani kwa miguu.

Sasa alikuwa amesimama mlangoni pa jiko.

"Mama, nifundishe gari."

Mama Breki akauweka chini ungo wa mchele. "Wewe? Si ulisema ni heri upande punda?"

"Punda nimemkosa. Ila usinipigie kelele."

"Kelele nilistaafu nazo, mwanangu."

Wakavua turubai. Injini ilibembelezwa, ikapewa betri mpya, ikakohoa, ikawaka. Breki ndizo zilizogoma. Diski za mbele, zile sahani za chuma zinazozunguka na gurudumu na kubanwa na pedi ili gari lisimame, zilikuwa zimeliwa na kutu mpaka zikawa na mabonde.

Akaitwa Kimya, fundi aliyefanya kazi bega kwa bega na marehemu. Walimwita hivyo kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Aliinama, akachungulia, akaguna.

"Shemeji, hizi si diski tena. Hizi ni kumbukumbu."

Dukani kwa muuza spea waliambiwa kwamba orijino za gari lile zilikoma kuja zamani. Zilizokuwepo ni za bei poa, ndani ya boksi lisilo na jina la kiwanda. Kimya akaipima moja mkononi, akaigonga kwa ukucha na kutega sikio kama mnunuzi wa chungu.

"Marehemu asingezikubali hizi."

"Angenuna mchana kutwa," alisema Mama Breki, "jioni angezifunga. Tena angezifunga vizuri kuliko orijino, apate la kujisifia. Namjua mimi."

Jumamosi asubuhi wakalipandisha gari juu ya jeki na magogo. Kimya alifungua magurudumu, akatoa mkono wa chuma unaobana pedi; nesi akauning'iniza kwa waya ili mpira wa mafuta usivutike. Mama Breki akachukua brashi ya waya, akasugua kutu pale diski inapokalia, mpaka chuma kikang'aa. Harufu ile ya kutu na mafuta ya breki ilimrudisha mbali. Ilikuwa harufu ya mume anayeingia nyumbani.

"Unakumbuka, shemeji," Kimya akaanza, "yule bwana mkubwa aliyetuharakisha? Anapiga honi, anapiga honi! Marehemu akakaa juu ya tairi, akavua kiatu, akaanza kukung'uta mchanga. Akamwambia, 'Haraka yako nimeiona, mzee, naitafutia nafasi.'"

Wakacheka mpaka wakajishika mbavu. Mama Breki akamgeukia binti yake. "Na wewe ulipokuwa mchanga, alikuwa akitoka kazini hakugusi kwa vidole vyake, vimejaa grisi. Alikubeba kwa viwiko. Hivi." Akakunja mikono, akambembeza mtoto asiyekuwepo.

Nesi akamtazama. "Hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kukaa na mimi chini ya gari."

Kicheko kikayeyuka chenyewe. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Kimya naye alinyamaza. Katika ukimya huo, kila mtu na lake moyoni, wakapachika diski, wakafunga pedi, wakarudisha magurudumu.

Mama Breki akaketi kwenye usukani, nesi pembeni yake kwenye kiti cha mwalimu. Gari likateremka polepole kuelekea getini. Akakanyaga breki. Gari likaendelea na safari yake. Akakanyaga tena, likatoka getini, likakata njia, likaelekea kwenye kamba ya nguo za jirani.

"Breki!" nesi alipiga yowe, akiikandamiza pedeli ya pili kwa miguu yote miwili. "Breki, mama, utatuua!"

Likasimama taratibu, shuka la maua limetanda kwenye kioo cha mbele. Jirani alitoka na beseni, akaangalia, akaweka beseni chini. "Leo, Mama Breki," alisema, "jina umelirudisha kwa wenyewe."

Kimya alikuja mbio huku anajipiga paji la uso. "Mafuta! Shemeji, hatukuziosha!" Diski mpya huja zimepakwa mafuta zisishike kutu, na kabla ya kufungwa huoshwa kwa petroli. Jambo hilo wote wawili walilijua tangu ujana wao. Stori za marehemu ndizo zilizowapitisha.

Mama Breki aliegemea usukani, mabega yanatikisika. Nesi alidhani analia. Kumbe anacheka, ingawa machozi pia yalikuwepo.

Wakafungua upya. Diski zikaoshwa, pedi zilizolowa zikatupwa, zikafungwa nyingine. Safari hii gari lilitii.

Ndipo masomo yakaanza. Mama Breki alitimiza ahadi: penye kutaka kupiga kelele aling'ata ncha ya mtandio. Diski zililia asubuhi kukiwa na baridi, mtaa mzima ukajua wamepita, lakini zilishika. Nesi akapata leseni.

Siku moja kabla ya kuanza kazi, alimwendesha mama yake hadi kwenye kiwanja cha zamani cha mafunzo. Nusu yake imejengwa maduka. Wakasimama kando ya ukuta.

"Baba yenu alikuwa anakuja hapa mchana na chupa ya chai," alisema Mama Breki. "Kabla ya salamu, anazunguka gari, anasogeza kiganja karibu na kila gurudumu. Hagusi. Anasikiliza joto tu. Likizidi upande mmoja, anajua breki inabana."

Nesi akashuka. Akazunguka mbele ya gari, akachuchumaa, akasogeza kiganja upande huu, kisha upande ule.

"Sawasawa?" mama aliuliza dirishani.

"Sawasawa."

Mama Breki akafungua mlango, akashuka, akaenda kuchuchumaa pembeni ya mwanawe.