Mvua Juu ya Shuka la Shangazi

Walisema sitaweza. Mwenye mashine ya kukoboa mpunga, mtu aliyekuwa na neno kwa kila apitaye, aliyatazama makasha yangu yakishushwa kwenye basi pale Ifakara akauliza, "Msomi, umetuletea makopo?" Akina mama waliokuwa wanapepeta mchele wakacheka.

Zilikuwa kamera kumi na saba kuukuu na projekta moja ya filamu ndogo, zile ambazo wazungu walikuwa wakijipigia wenyewe nyumbani. Ilikuwa miaka ya tisini. Wenzangu walirudi na deki za video. Mimi nilikusanya vilivyotupwa, nikasema nitavifufua. Lakini nilikuwa na stashahada ya umeme niliyoisomea Dar es Salaam bila kulipiwa na mjomba yeyote, na mtu wa namna hiyo habishani na wakoboaji.

Projekta niliipata kwa mzungu aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Ilikuja na mkebe wa filamu ulioandikwa kwa penseli: Kivukoni. Nilipouinua ukanda kwenye mwanga wa dirisha niliiona pantoni ya zamani ya mto wetu, ile ya kuvutwa kwa mikono, na wanaume wameshika kamba.

Shangazi yangu alisikia, akaja siku hiyohiyo. Marehemu mume wake aliivuta pantoni ile miaka mingi, na hakuacha picha hata moja.

"Baba, uso wake umeanza kunipotea," aliniambia. "Nionyeshe."

Nikamwahidi, kwa sauti, majirani wasikie.

Masika yakaingia. Bondeni kwetu masika huotesha ukungu hata kwenye viatu, kwa hiyo kitu cha thamani hufukiwa ndani ya mpunga: mbegu, vyeti, hata redio. Nami, pamoja na stashahada yangu, niliufukia mkebe kihengeni. Kifuniko hakikuwa kimekaza. Nilipoufukua, ukanda ulikuwa mkavu kabisa na umejaa vumbi la mpunga. Nikaufuta kwa kitambaa, kwa nguvu, kama anayesugua sufuria.

Mkanda wa kuzungusha projekta ulikuwa umekatika. Fundi cherehani akaniazima wa cherehani yake, akabaki akishona kwa mkono. Mwenye mashine aliniazima ghala lake na jenereta, nadhani ili aibu yangu ipate nafasi ya kutosha. Shangazi akaleta shuka jeupe la kutundika ukutani.

Jumapili mchana tulifunga milango ya ghala. Projekta ikanguruma, pantoni ikatokea, na juu yake mvua kubwa isiyokatika.

"Mvua hiyo!" watu wakapiga makofi. "Mwaka huo walivuna!"

"Mvua gani?" Shangazi akauliza. "Si kiangazi hicho? Angalieni maji yalivyo chini!"

Mimi nilijua. Ilikuwa mikwaruzo ya kitambaa changu. Mume wake akaonekana, nikamtambua kwa mabega. Alipogeuka, mistari ile ikaufunika uso wote.

"Ni yeye?" Shangazi alisema.

"Msomi, umeweza!" mwenye mashine akanipiga begani. "Ila umetuletea mafuriko!"

Nilipokea pongezi zote, sikatai. Shangazi alitoka bila kuniaga.

Wiki nzima niliupitisha ukanda chini ya lenzi, picha moja moja, kila moja ndogo kama punje ya mchele. Nikaipata moja ambayo mikwaruzo ilimpita pembeni. Ili kuitoa ilibidi niukate ukanda wenyewe, na sikuwa na mwingine kama huo. Mkusanyaji hakati. Nikachukua mkasi. Nikaipiga picha punje ile kwa kamera yangu kongwe kuliko zote, nikaikuza mpaka ikatosha kiganja.

Halafu nikazunguka kulipa nilivyoazima. Fundi cherehani alipata mkanda wake pamoja na mwingine mpya. Mwenye mashine nilimtengenezea jenereta iliyokuwa inakohoa, na nikahakikisha wapita njia wananiona. Mwisho nilimpelekea Shangazi shuka lake, limefuliwa, na picha juu yake.

Shuka aliliweka kitandani bila kulitazama. Picha akaisogeza mlangoni penye mwanga, akaitazama kwa karibu.

"Shati hili nilimkataza," alisema hatimaye. "Nilimwambia, limechanika kwapani, usiende nalo kazini. Muone! Kalivaa!"

Akaendelea kumgombeza mumewe, nami nikaondoka taratibu nisiwakatishe.