Kokugonza, Mtoto wa Mwaka wa Njaa

Majirani wa mtaa wa Alby, kwenye nchi ya Waswidi, wakimwona Evodius anashuka ngazi na ndoo mkononi na kitambaa laini begani, hujua baridi imekwisha. Majira yote ya theluji gari lake hulala kwenye gereji ya chini ya jengo, limefunikwa mablanketi mawili na shuka la maua. Barabarani ikibaki hata punje ya chumvi ile wanayomwaga kuyeyusha barafu, halitoki. Chumvi hula chuma kama mchwa walavyo mlango.

Gari lenyewe ni Mustang ya njano ya mwaka 1974. Ina milango miwili na pua ndefu kidogo, mkia mfupi sana, na kifuani ina farasi wa chuma anayekimbia pasipo kufika. Evodius amempa jina la bibi yake mzaa baba, Kokugonza, ambalo kwa Kihaya ni yule anayependwa. Ukimwuliza kwa nini gari lina jina la mtu, atakuangalia kama umemwuliza kwa nini mtu ana jina la mtu.

Yeye ni mtu mfupi, mpole, hana mke, na miaka mingi amekuwa akipanda treni kwenda Södertälje kufunga vichwa vya malori kiwandani. Malori hayo ni makubwa kiasi kwamba akisimama kando, kichwa chake hakifiki dirishani. Labda ndiyo sababu jioni hupenda kukaa ndani ya kitu cha kimo chake.

Mwaka mmoja alikuwa na jambo moja tu moyoni. Mpwa wake Brigitha, binti wa dada yake Agripina, alikuwa anaolewa mwezi wa sita, na Evodius alitaka Kokugonza ambebe. Hakulizungumza sana, lakini lilimkaa. Brigitha alipokuwa mdogo, wakati huo akimwita morbror, yaani mjomba kwa Kiswidi, kama watoto wote wa huku, alikuwa akija gerejini na kitambaa chake mwenyewe kusugua yule farasi mpaka ang'ae. Siku moja alisema akiolewa atapanda gari hili na si jingine. Mtoto husema akasahau. Mjomba hakusahau.

Evodius alimpata Kokugonza kwa mzee mmoja Mswidi aliyebandika tangazo kwenye ukuta wa kantini kazini. Mke wa mzee huyo alikuwa amechoka kuona gari linalala vizuri kuliko yeye. Evodius alipoona mwaka wa gari hakuuliza mengine. Mwaka huo ndio aliozaliwa, Mwanza, mvua zilipogoma na nchi ikala unga wa njano ulioletwa na meli kutoka Amerika, watu wakauita unga wa Yanga kwa kufanana na jezi za timu ile. Uji wa unga huo ndio uliomkuza.

"Mimi na huyu," husema, akilipiga boneti taratibu kama mgongo wa ndama, "tumetoka gunia moja."

Kiangazi cha kwanza alimpeleka mjini, kwenye barabara ya Sveavägen, ambako wenye magari ya zamani ya Kiamerika huzunguka polepole jioni, vioo vimeshushwa, muziki juu, jua halitaki kuzama. Alijiunga kwenye msafara akitabasamu. Taa nyekundu iliposimamisha magari, jamaa mmoja mwenye Mustang ya mwaka 1967, nyekundu, pana kama kitanda cha bwana harusi, aliinama dirishani akamwambia, bila ubaya wowote, kwamba gari ni zuri, limetunzwa, ila si Mustang ya kweli. Evodius alimshukuru. Kisha akarudi Alby, na tangu siku hiyo alianza kusoma habari za Mustang.

Ndipo alipoujua ukoo mzima, na huwaeleza wageni akiwa ameketi sebuleni, kwa mpangilio ule ule ambao wazee wa kwao hutaja mababu. Babu, husema, alizaliwa mwaka 1964. Walimtengeneza juu ya mifupa ya gari la kawaida tu, la kwenda sokoni na kanisani, wakampa pua ndefu, wakampunguza mkia, na vijana waliokuwa hawana uwezo wa kununua gari la kifahari wakajiona matajiri. Watu walipanga foleni madukani. Basi sifa zikamharibu. Kila baada ya miaka michache wakamnenepesha, wakamwekea injini kubwa zaidi na zaidi, mpaka mwaka 1971 akawa kama fahali wa maonyesho, anayependeza kutazamwa na asiyeweza kupita mlangoni.

"Halafu mafuta yakapanda bei," Evodius husema hapo, na sauti yake hushuka. "Nani angemlisha tena? Fahali alikufa njaa. Akazaliwa huyu."

Mwaka ule wa 1974 Mustang ilirudi ndogo, ikapandishwa juu ya mifupa ya gari dogo kabisa, bila injini ya silinda nane hata kwa mtu aliyebembeleza. Ikauzwa sana, kwa sababu watu walikuwa na haja nayo. Neema iliporudi, wote waliopanda wakajifanya hawakuwahi kuifahamu. Waliofuata mwaka 1979 walikuja na uso wa mraba, wakafanana na magari ya jirani. Wa miaka ya tisini wakaanza kukumbuka sura ya nyumbani. Wa 2005 wakarudi wazima wazima kwenye uso wa babu, na kila mtu akashangilia. Siku hizi yuko hata mmoja wa umeme, mwenye milango minne, anaitwa kwa jina lilelile. Huyo Evodius humwita mkwe, na hamsemi vibaya.

"Lakini niambie wewe," humalizia. "Mwaka wa njaa angekufa huyu, hao wengine wangerithi jina la nani?"

Wageni hunywa chai yao wakakubali, kwani chai ni yake.

Mtu mmoja hakukubali, naye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi. Mzee Ephraim alikuwa fundi umeme mstaafu, mrefu, mcheshi, na Simba damu. Harusi ya Kitanzania bila kamati ni mkusanyiko tu, iwe Mwanza au Bredäng, na kamati ya Mzee Ephraim ilikutana kila Jumapili jioni kwenye ukumbi mdogo pale Bredäng. Ajenda ya usafiri ilipofika, alisema ameona gari jeupe refu la kukodi, lenye viti vya kutazamana. Safari ya kutoka kanisani mjini kuja ukumbini ndiyo itakayopigwa picha, alisema, na picha hizo zitaonekana mpaka Mwanza.

Evodius alinyanyua mkono akasema Kokugonza yupo.

Ukumbi ulicheka, kicheko cha watu wanaopendana. Mzee Ephraim alimwangalia juu ya miwani.

"Bwana Evodius, bibi harusi nikamtie kwenye jezi ya Yanga mbele ya macho ya wazazi? Na akitoka humo ndani si atatoka amekunjwa kama chapati?"

Agripina alikuwa akigawa sambusa. Alimpenda kaka yake, lakini harusi ya binti ni moja, na gari jeupe lilikuwa limeshamwingia machoni. Alimwekea Evodius sambusa mbili badala ya moja, akapita. Evodius alizitazama sambusa akaelewa.

Aliyegeuza mambo ni Brigitha mwenyewe, aliyekuja kumchukua mama yake akakuta kicheko bado hakijaisha. Alipoambiwa wanacheka nini, hakucheka. Alisema anamtaka Kokugonza. Mzee Ephraim, ambaye hakuwa mtu mbaya, akaona njia ya kumaliza bila kuumiza mtu: Jumamosi wote waende Alby, gari lijaribiwe. Wapambe wakitosha, yeye mwenyewe atalifunga maua.

Jumamosi ile maegesho ya Alby yalijaa kama kuna msiba. Evodius alikuwa ameamka mapema kumng'arisha Kokugonza mpaka mtu angeweza kunyolea ndevu kwenye mlango wake. Gauni lilikuwa bado kwa fundi, kwa hiyo Brigitha alifungwa shuka mbili kubwa kiunoni. Alipokunja kiti cha mbele ili aingie nyuma, shuka zilinasa kwenye kitasa, kisha kwenye mkanda, kisha kwake mwenyewe. Watoto walipiga makofi. Akatoka, akaingia Natacha, matroni, dada wa Kirundi mwenye mwili wa baraka. Mguu mmoja uliingia, bega likaingia, ukabaki mjadala. Ilibidi Ludovic, bwana harusi, amvute kwa nje huku Natacha akimwambia kwa Kirundi maneno ambayo hakuna aliyeomba yatafsiriwe.

Wakaamua wapambe wapande gari jingine, Brigitha akae mbele. Alikaa na akaenea vizuri, shuka zimemzunguka kama povu. Uso wa Evodius ulichanua. Akazunguka, akaingia upande wa usukani, na hapo Mzee Ephraim akauliza kwa upole, upole wa kweli safari hii.

"Na Ludovic?"

Ludovic alikuwa amesimama nje, mikono mifukoni, akitabasamu kama mtu aliyechelewa basi. Kumweka nyuma peke yake, kama mzigo, siku ya ndoa yake, haikuwezekana, na miguu yake ilikuwa mirefu kuliko kiti chote.

"Hili gari ni la watu wawili, ndugu yangu," alisema Mzee Ephraim. "Na harusi ni ya watu wawili. Sasa wewe ni wa tatu."

Evodius alizima injini.

Watu walitawanyika taratibu, wakimsifia rangi na usafi, kama watu wanaotoka kumwona mgonjwa. Alimrudisha Kokugonza gerejini, akamfunika blanketi la kwanza, la pili, na lile shuka la maua, ingawa jua lilikuwa linawaka.

Wiki ile kazini alifunga vichwa vya malori bila kupiga mluzi. Tangu amnunue, hakuna mtu aliyewahi kumwendesha Kokugonza zaidi yake. Hata Brigitha alifundishwa naye udereva, huku mtaani, na kibao cha kijani cha mwanafunzi kikining'inia nyuma, lakini kwa gari jingine alilokuwa nalo wakati huo, kuukuu, la gia za mkono, la kwendea dukani. Ludovic, hata kama Evodius angetaka kumwachia, leseni yake ilikuwa ya otomatiki. Klachi kwake ni hadithi. Evodius alilizungusha jambo hilo kichwani kila alivyoweza, na kila mara lilisimama mahali palepale. Kama ni kweli alitaka Kokugonza ambebe Brigitha, mlango ulikuwa wazi. Kama alitaka aonekane yeye akimbeba, hapo ndipo ulipofungwa.

Ijumaa alikwenda kwa Agripina. Alimkuta Brigitha jikoni akimenya ndizi. Akaweka ufunguo mezani, kando ya maganda.

"Utaendesha mwenyewe," alisema.

Brigitha alifuta mikono, akautazama ufunguo, hakuugusa. "Mjomba, bibi harusi anaendesha gari?"

"Nani kakataza? Kasome Biblia, kama wameandika."

"Na wewe utapanda nini?"

"Treni ipo. Sasa nisikilize. Gia ya pili ni mkaidi. Usimlazimishe. Mwombe, subiri kidogo, ataingia mwenyewe. Na akiwa hajapata joto usimkanyagie mafuta."

Agripina alikuwa mlangoni na alikuwa amesikia yote. Hakusema kuhusu gari jeupe. Alisema tu kwamba ndizi zitaungua, na wakati huo hazikuwa hata zimebandikwa.

Siku ya harusi, mlango wa kanisa ulipofunguliwa, Kokugonza alikuwa barabarani amefungwa maua meupe na mekundu. Mzee Ephraim alitimiza ahadi ya maua ingawa wapambe hawakutosha, ila nyekundu ya Simba hakuiacha. Brigitha alishuka ngazi na Ludovic, akavua viatu vya kisigino akampa Natacha, akakunja gauni juu ya magoti mbele ya kamati nzima, akakaa kwenye usukani. Kuna mama mmoja alishika kifua. Wengine walikuwa wameshaanza vigelegele. Ludovic alikaa kando yake akiwa ameshikilia maua yake na ya mkewe.

Evodius alisimama nyuma ya watu akitafuta kadi yake ya treni mfukoni.

Gari halikuondoka. Ludovic alishuka tena, akakunja kiti cha mbele, na Brigitha akachungulia.

"Mjomba. Mkia wa gauni hauna pa kukaa. Ingia uushike."

Watu walimpisha. Aliinama kidogo tu, akaingia kama mkono unavyoingia mfukoni. Magoti yakakaa, kichwa kikakaa, akawekewa lundo la kitambaa cheupe mapajani mpaka kidevuni. Mzee Ephraim aliinama dirishani, akamtazama alivyoenea, akatikisa kichwa.

"Kumbe kiti kilikuwa na mwenyewe," alisema, akafunga mlango.

Miaka yote ile Evodius hakuwahi kukaa pale. Kioo cha nyuma cha gari lake kilikuwa kidogo kuliko alivyodhani. Pua ya njano, ikionekana kati ya mabega mawili ya watu waliooana, ilikuwa ndefu kweli. Brigitha aliwasha, akasubiri injini ipate joto, akaondoka kwa gia ya kwanza bila mrusho. Walipita Sveavägen mchana huo, watu wa kando ya barabara wakipunga mikono, kisha wakashika njia ya kusini kuelekea darajani, msafara ukipiga honi nyuma yao.

Kwenye taa ya kabla ya daraja walisimama. Taa ikawa ya kijani. Wakaondoka, injini ikapanda sauti, ikafika pale inapohitaji gia ya pili, na mkono wa Brigitha ukaenda kwenye mti wa gia. Evodius alikuwa na neno tayari mdomoni. Aliuona mkono umetulia, haulazimishi, unasubiri.

Akalimeza. Akavuta mkia wa gauni karibu zaidi, usiguse sakafu.

Gia ikaingia.